Tuwasaidie watoto wetu kutamka sauti vizuri, nyumbani na darasani



Katika ukurasa huu tunazungumza kuhusu watoto ambao maneno yao hayasikiki vizuri. Mtoto anasema "tuku" akitaka kusema "kuku". Mwingine anasema "thatha" badala ya "sasa". Nyumbani wanamcheka, darasani wanamwiga, na yeye polepole anaamua kunyamaza. Mtoto aliyenyamaza hajibu swali la mwalimu, hasomi kwa sauti, na hata akiumwa hasemi. Mwisho wake watu wanasema hana akili, pengine anarudishwa darasa la chini. Kumbe tatizo lilikuwa sauti mbili tatu tu, au sikio linalotoka usaha ambalo hakuna aliyelitazama.

Tunaomba ukumbuke jambo moja: sauti huanzia sikioni, ndipo ifike ulimini. Mtoto hawezi kutamka sauti asiyoisikia vizuri. Kwa hiyo kabla ya kuulaumu ulimi, chunguza sikio. Na kabla ya kumwambia "sema", mwambie "sikiliza".

SAUTI HUJA KWA ZAMU

Mtoto hapati sauti zote siku moja, kama vile meno yake hayaoti siku moja. Kwanza huja sauti nyepesi zinazotengenezwa na midomo na ncha ya ulimi: m, b, p, n, t, d. Ndiyo maana "mama", "baba" na "tata" ni maneno ya mwanzo katika lugha nyingi. Kisha hufuata sauti kama k, g, f, s na l. Sauti ngumu huchelewa, hasa r, th, dh na gh.

Mwaka 2018 ulitolewa uchunguzi uliokusanya tafiti kuhusu watoto wa lugha 27 za dunia. Ulionyesha kwamba mtoto akifika miaka 5 huwa anatamka sawasawa konsonanti nyingi za lugha yake. Maana yake, mtoto wa miaka 3 anayesema "Mbalala" badala ya "Mbarara" hana ugonjwa. Bado zamu ya r haijafika.

Pima pia kwa kuangalia nani anamwelewa. Mgeni asiyemzoea mtoto huelewa karibu nusu ya maneno yake akiwa na miaka 2, maneno mengi akiwa na miaka 3, na karibu yote akiwa na miaka 4. Kama mtoto wako ana miaka 4 na jirani bado anakuuliza kila mara "amesema nini?", ni wakati wa kuomba ushauri.

LUGHA NYINGI SI UGONJWA

Hapa kwetu mtoto anaweza kusikia Kiswahili kwa jirani, Kinyarwanda au Kibembe kwa bibi yake, Kinyankole sokoni na Kiingereza shuleni. Wazazi wengine wanaogopa kwamba lugha nyingi zitamchanganya, kwa hiyo wanaacha kusema naye lugha ya nyumbani. Usifanye hivyo. Lugha nyingi hazimfanyi mtoto kuwa na kasoro ya usemi. Sema naye lugha unayoijua vizuri zaidi, maana ndiyo utakayomsimulia, utakayomtania na utakayomwelezea mambo kwa wingi.

Tofauti nyingine zinatokana na lugha ya nyumbani tu:

- Wanaozungumza Kinyarwanda au Kirundi huchanganya l na r katika Kiswahili, kwa sababu katika lugha zao sauti hizo mbili hazitenganishwi kama katika Kiswahili.
- Kisomali hakina p wala v. Mtoto Msomali akisema "bilibili" badala ya "pilipili", ulimi wake ni mzima.
- Wengi waliotoka Kongo husema "selasini" badala ya "thelathini". Mtoto anasema hivyo kwa sababu wakubwa wake wanasema hivyo.

Njia ya kutambua ni rahisi. Jiulize: je, kaka na dada zake na watu wazima wa nyumbani wanasema kama yeye? Kama ndiyo, hiyo ni lahaja ya nyumbani. Atajifunza sauti ya shule taratibu bila kuona aibu. Lakini kama hata katika lugha ya mama yake anakosea sauti ambazo watoto wa umri wake wanazijua, hapo anahitaji msaada.

MASIKIO KWANZA

Sababu kubwa ya usemi kuchelewa, ambayo mara nyingi huonekana kama ukaidi, ni kutosikia vizuri. Mtoto anaweza kusikia ngoma na pikipiki lakini asisikie tofauti ya s na sh. Usikivu unaweza kuharibiwa na maambukizi ya sikio yasiyotibiwa, surua, matumbwitumbwi, au homa ya uti wa mgongo. Rubela ikimpata mama mjamzito inaweza kumfanya mtoto azaliwe kiziwi. Uganda ilianza kutoa chanjo ya surua na rubela pamoja mwaka 2019. Hakikisha kadi ya mtoto wako imejazwa.

Unaweza kumjaribu mtoto nyumbani hivi: subiri nyumba itulie. Simama nyuma yake, karibu hatua moja, asikuone. Nong'ona jina lake au neno analolipenda, kwa mfano "andazi". Fanya hivyo upande wa kulia, kisha wa kushoto. Usipige makofi wala kukanyaga kwa nguvu, kwa maana anaweza kuhisi mtikisiko bila kusikia. Kama hageuki mara kadhaa, mpeleke kituo cha afya akapimwe.

Sikio likitoka usaha:

1. Nenda kituo cha afya, hata kama mtoto halii na hana homa.
2. Kausha sikio mara 3 kwa siku. Chukua kitambaa safi kinachonyonya maji, kikunje kama utambi, kiweke taratibu sikioni, kikilowa kitoe na uweke kingine, mpaka kitoke kikavu.
3. Usitie mafuta, maziwa ya mama, maji ya majani wala mkojo. Usiache pamba ndani ya sikio.
4. Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, nenda siku hiyo hiyo.

USIKUBALI MTOTO AKATWE

Bado wako watu wanaopita majumbani wakisema mtoto haongei kwa sababu ya kimeo, ambacho jirani zetu Wanyarwanda huita ikirimi. Wengine hung'oa vijino vya mtoto mchanga ambavyo huku Ankole huitwa ebiino. Kimeo si kizuizi cha maneno, na ebiino si ugonjwa: ni meno yenyewe yanayojiandaa kuota. Kukatwa na kung'olewa huko huleta damu nyingi, usaha, pepopunda na hata kifo, na watoto wengine hubaki na mapengo maisha yao yote.

Kuhusu uzi ulio chini ya ulimi: kwa watoto wengi hauzuii usemi. Kama mtoto anaweza kutoa ulimi nje na kuufikisha nyuma ya meno ya juu, uzi huo hauna shida. Ukiwa na shaka, aangaliwe na mhudumu wa afya, si kwa wembe wa nyumbani.

MAZOEZI YA NYUMBANI: DAKIKA 10 KILA SIKU

Huhitaji kitabu wala pesa. Unahitaji dakika 10 za utulivu, mtoto akiwa ameshiba na hana usingizi. Mnaweza kufanya wakati mnachambua maharage, mnamenya ndizi au mnarudi kuteka maji. Chagua sauti MOJA tu, fanyeni kwa wiki kadhaa, ndipo mwende nyingine. Anza na sauti iliyo rahisi kwa umri wake. Usianze na r.

Fuata ngazi hizi kwa utaratibu:

1. Kusikia. Wewe unasema, yeye anasikiliza tu. Mwambie: "Ukisikia sss ya nyoka, inua mkono." Taja maneno mchanganyiko. Hapa hatamki kitu.
2. Kutofautisha. Tumia maneno mawili yanayokaribiana. Ukisema "kaa", anakaa chini. Ukisema "taa", anaonyesha taa. Maneno mengine ni tamu na damu, pata na bata, kamba na gamba, saba na shaba, soka na shoka. Kwa mkubwa zaidi: kalamu na karamu.
3. Sauti peke yake. Akutazame mdomo, naye ajaribu. Kioo kidogo kinasaidia.
4. Silabi. Sa, se, si, so, su.
5. Neno. Sasa, sufuria, sabuni. Kisha maneno yenye sauti katikati: kisu, masika.
6. Sentensi fupi, halafu mazungumzo ya kawaida.

Akipata sawa mara 8 kati ya 10, panda ngazi inayofuata. Akishindwa, shuka ngazi moja bila kugomba. Kumaliza akiwa amefaulu ni muhimu kuliko kumaliza ngazi.

Nje ya dakika hizo 10, usimsahihishe kila neno. Mrudishie tu neno lake likiwa sahihi:

Mtoto: Mama, tuku ametimbia!
Mama: Eh, kuku amekimbia? Kuku amekwenda wapi?

Umemsikilizisha "kuku" mara mbili bila kumwambia "umekosea", na habari yake ya kuku imepokelewa. Usimlazimishe kurudia mbele ya wageni, na usimnyime chakula mpaka aseme sawa. Wakubwa zake wakimcheka au kumwiga, wakataze.

Zana nyingine ya bure ni kuhesabu. Hesabu ya 1 hadi 10 ina sauti nyingi za mwanzo: m na j katika moja, mb na l katika mbili, t katika tatu, n katika nne na nane, s katika sita, saba na tisa, k katika kumi. Hakuna r hata moja. Hesabuni jerikani, hesabuni hatua, hesabuni mbuzi njiani.

NAMNA YA KUONYESHA SAUTI

P na b. Midomo inafungwa kisha inafunguka. Weka kipande cha karatasi mbele ya mdomo: "pa" inakisukuma kwa pumzi.

F na v. Meno ya juu yanagusa mdomo wa chini. Kwa v, weka mkono kooni usikie mtetemo. Kwa f hakuna mtetemo.

K na g. Sehemu ya nyuma ya ulimi inapanda. Mtoto anayesema t badala ya k alale chali mkekani, ulimi urudi nyuma, kisha ajaribu "ka". Mkubwa anaweza kuanza kwa kusukutua koo kwa maji akiwa amekaa.

S na z. Meno yakaribiane, ulimi ubaki ndani. S ni nyoka, z ni nyuki. Mtoto aguse koo lake: nyuki anatetemesha, nyoka hatetemeshi. Meno ya mbele yakiwa yametoka, karibu na miaka 6 au 7, s itapiga mluzi. Subiri meno mapya.

Sh. Ni sauti ya kumnyamazisha mtoto mchanga: shhh. Midomo inasogea mbele kidogo.

L. Ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu: la, la, la.

R. Ncha ya ulimi inatetemeka. Mwige pikipiki ya boda boda ikipanda mlima: rrrr. Majina ya huku kwetu ni shule nzuri ya r: Juru, Rubondo, Isingiro, Mbarara. Biharwe ni gumu zaidi, kwa sababu r imeungana na w. Ligawe kwa makofi: Bi-ha-rwe. Lakini kama mtoto hajafika miaka 5, cheza tu, usidai.

KWA WALIMU

Mwalimu, tunajua darasa lako lina watoto wengi, wakati mwingine mia moja na zaidi. Huwezi kukaa na mmoja mmoja. Lakini haya yanawezekana:

- Anza somo la kusoma kwa dakika 3 za sauti moja, darasa zima kwa pamoja. Mtoto mwenye shida anafanya mazoezi bila kuonekana.
- Endelea safu kwa safu, halafu wawili wawili. Usianze kwa kumsimamisha mmoja peke yake.
- Wasikie kwanza sauti, waitamke, ndipo uandike herufi ubaoni. Mtoto asiyetofautisha t na d kwa sikio atazichanganya pia katika daftari.
- Usizungumze ukiwa umegeukia ubao. Mtoto asiyesikia vizuri anasoma midomo yako.
- Mwenye shida ya kusikia akae mbele, sikio zuri likielekea kwako.
- Weka sheria moja: hapa hatumcheki mtu kwa namna anavyosema.
- Usimwondoe kwenye zamu ya kusoma. Mpe sentensi fupi ambayo umemwandaa nayo.
- Matamshi yasihesabiwe kama akili. Mtoto anaweza kusema "tumi" na kujua hesabu ya kumi kuliko wenzake.

Ukiona mtoto anayekutazama mdomo kila mara, anayejibu jambo tofauti na ulilouliza, au anayeiga wenzake badala ya kufuata agizo, mwite mzazi. Usimwambie "mtoto wako ni mzito". Mwambie: "Naomba akapimwe masikio."

LINI UENDE KITUO CHA AFYA

Usisubiri, mwone VHT wa kijiji chako au nenda kituo cha afya cha eneo lako, ikiwa mtoto:

- akiwa na miezi 6 hageukii sauti yako;
- akiwa na mwaka 1 hajatoa sauti kama "ba-ba-ba" au "ma-ma-ma";
- akiwa na miaka 2 haunganishi maneno mawili, kama "mama maji";
- akiwa na miaka 3 hata watu wa nyumbani hawamwelewi;
- akiwa na miaka 4 wageni hawamwelewi;
- maziwa au uji hutoka puani, au sauti yake hupitia puani. Kaakaa linaweza kuwa limepasuka hata kama mdomo ni mzima;
- alikuwa anasema, sasa ameacha;
- hutoka usaha sikioni, au amebadilika baada ya degedege au homa ya uti wa mgongo.

Yule aliyeacha kusema baada ya vita, safari ya kukimbia au kufiwa, usimlazimishe kusema. Kaa naye, mpe kazi ndogo mnazofanya pamoja, msimulie wewe. Mueleze mhudumu wa afya ili aonane na mshauri.

Kituo kikiona inafaa, kitakupa karatasi ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, kwenye idara ya masikio, pua na koo. Kwa watoto wenye ulemavu wa mwili pamoja na shida ya kusema, kituo cha OURS katika Hospitali ya Misheni ya Ruharo, Mbarara, kimewahudumia watoto wa mkoa huu kwa miaka mingi. Mdomo au kaakaa lililopasuka hutengenezwa kwa upasuaji, na Hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, kwenye barabara ya Entebbe, ni moja ya mahali panapofanyika kazi hiyo. Usimfiche mtoto ndani. Mapema ni bora, maana kaakaa likizibwa kabla hajazoea kusema kwa pua, usemi hunyooka kwa urahisi zaidi.

Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha wataalamu wa usemi na lugha mwaka 2008. Hata hivyo wataalamu hao bado ni wachache kwa nchi nzima. Hata ukimpata mmoja, atamwona mtoto wako kwa saa moja, kisha mtarudi nyumbani. Mazoezi ya siku zote yatabaki mikononi mwako wewe mzazi, wewe bibi, wewe dada mkubwa, na wewe mwalimu.

Leo jioni anza na mambo mawili. Mnong'oneze mtoto kwa nyuma uone kama anasikia. Kisha chagua sauti moja tu, mwambie asikilize.

Ukiwa na swali, muulize VHT wako au mhudumu wa kituo cha afya kilicho karibu nawe. Na ukimaliza kusoma ukurasa huu, mpe jirani, au msomee asiyejua kusoma.